Maswali ya mtoto mgonjwa: kutoka Palm za Nachingwea hadi kishikwambi cha tabibu

Dada yangu alinipigia simu akiwa amefura. Ilikuwa mwaka 2022, mwezi ule ule wa sensa, kwa hiyo kila mtu mwenye kishikwambi mkononi tulidhani ni karani wa sensa. Dada anaishi Morogoro. Alikuwa ametoka kwenye zahanati moja na mwanawe wa miezi 14, ana homa na kikohozi tangu juzi yake. Foleni saa mbili na nusu. Alipofika kwa tabibu, anasema, yule kijana hakumwangalia usoni.

"Yuko na kishikwambi chake anabofya, mdogo wangu. Nikadhani anachati. Ananiuliza, mtoto ananyonya? Namwambia ananyonya. Anabofya. Anatapika kila kitu? Hapana. Anabofya. Ameshapata degedege? Nikamwambia baba, mimi nimekuja na homa na kikohozi, hayo ya degedege umeyatoa wapi?"

Lakini kilichomuudhi zaidi kilikuja mwishoni. Baada ya maswali yote hayo, mtoto kuhesabiwa pumzi na kutobolewa kidole, akapewa panadol na maelekezo. Antibaiotiki hakuna. "Saa mbili na nusu, mtoto anakohoa, narudi nyumbani na panadol!"

Nilimtuliza, nikakata simu, halafu nikafanya kile ninachofanya kila familia yangu inaponipa kisa: nikaanza kuchimba. Yale maswali matatu yaliyomkera dada yametoka mbali. Yana historia, na sehemu kubwa ya historia hiyo imetokea hapa hapa kwetu: Rufiji, Morogoro, Lindi, Mtwara, Dar es Salaam. Cha ajabu ni kwamba hatuijui. Wengi wetu tunaweza kusimulia jinsi M-Pesa ilivyoanza Kenya mwaka 2007. Hii nyingine, ya kompyuta ya mkononi iliyoingia kwenye chumba cha tabibu kusini mwa Tanzania mwaka huo huo, haimo midomoni mwetu kabisa.

Haya, tuanze na karatasi, maana bila karatasi hutaelewa kwa nini mtu aliwaza kuweka maswali ndani ya mashine.

Aliyewahi kukaa kwenye benchi la zahanati anavijua vitabu vya MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, uliosambaa nchini miaka ya 1990. Vile vitabu vikubwa vyenye mistari. Wagonjwa wa nje wana kitabu chao namba 5, watoto wana chao namba 7. Tabibu anaandika jina, umri, mahali mtu anakotoka, ugonjwa, dawa. Mwisho wa mwezi kuna mtu anakaa kuhesabu mistari, mara nyingi ni nesi huyo huyo aliyechoma sindano asubuhi. Sina ubaya na MTUHA, imetuvusha. Ila tazama kitu kimoja: kitabu kinatunza jibu la mwisho tu. Kimeandikwa "malaria", basi. Mama aliulizwa nini kabla ya hapo? Mtoto alihesabiwa pumzi? Alivuliwa fulana? Hayo hayaandikwi popote. Mtoto akifia nyumbani siku tatu baadaye, kitabu kitaonyesha kwamba alitibiwa vizuri.

Katikati ya miaka hiyo ya 1990 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walileta utaratibu mpya wa kutibu watoto wa chini ya miaka mitano, unaojulikana kwa herufi za IMCI. Tanzania na Uganda zilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kabisa kuuchukua, mwaka 1996. Wazo lake ni rahisi, na nadhani kila mzazi angelikubali. Mtoto haletwi zahanati na ugonjwa mmoja uliofungwa kwenye bahasha. Mama anataja kinachomsumbua yeye, labda kuhara, na ndani ya mwili ule ule kuna nimonia na utapiamlo ambavyo hakuna aliyeviona. Kwa hiyo tabibu asiamini lalamiko la kwanza. Aulize yote, kwa mpangilio, kila mtoto, kila mara. Aanze na dalili za hatari: mtoto hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila kitu, amepata degedege, amelegea au hana fahamu. Kisha kikohozi, kisha kuhara, kisha homa, kisha masikio, kisha lishe na chanjo.

Umeona? Yule kijana wa Morogoro hakuyatoa kichwani. Alikuwa anafuata mstari ulioandikwa miaka zaidi ya 20 kabla.

Uzuri wa utaratibu huu ni kwamba hauhitaji eksirei wala daktari bingwa. Unahitaji saa yenye mshale wa sekunde. Mtoto wa miezi 2 hadi 11 akipumua mara 50 au zaidi kwa dakika, au wa miezi 12 na kuendelea akifika mara 40, hiyo ni pumzi ya haraka, mfikirie nimonia. Dakika nzima ya kuhesabu kifua kikipanda na kushuka. Jaribu siku moja kwa mtoto anayelia, utajua dakika moja ni ndefu kiasi gani.

Na ulifanya kazi? Watafiti waliufuatilia katika wilaya nne. Morogoro Vijijini na Rufiji zilikuwa na IMCI, Kilombero na Ulanga zilikuwa bado. Matokeo yalichapishwa kwenye jarida la Lancet mwaka 2004: vifo vya watoto katika wilaya zenye IMCI vilikuwa pungufu kwa asilimia 13. Wenyewe walikiri kwamba kitakwimu tofauti hiyo ingeweza kuwa ya bahati tu, na mimi nawaheshimu kwa kukiri. Lakini ubora wa huduma ndani ya zahanati ulipanda waziwazi, na hilo halikubishaniwa.

Tatizo lilikuwa kwingine. Mafunzo yake yalichukua siku 11, na kumtoa tabibu kazini siku 11, umlipe posho na malazi, ni gharama. Akirudi kituoni anakuta foleni ya akina mama 60 na kitabu cha michoro cha kufunua ukurasa kwa ukurasa. Nani atafunua kitabu mbele ya mgonjwa? Kwa mila zetu mganga anayesoma kitabu mbele yako anaonekana hajui kazi. Kwa hiyo watu walikariri, na anayekariri huruka. Anauliza homa, anaandika malaria, anaita "mwingine!"

Sasa tuhamie kusini, tuache zahanati kidogo. Nakuomba uvumilivu, tutarudi.

Mwaka 2004 watafiti wa Ifakara na wenzao walitaka kuzunguka wilaya tano: Nachingwea, Ruangwa, Lindi Vijijini, Newala na Tandahimba. Walikuwa wanajiandaa kupima mpango wa kuwapa watoto wachanga dawa ya kuzuia malaria wakati wa chanjo, na kabla ya hapo ilibidi wajue hali ilivyo. Utafiti wa namna hiyo ulizoeleka kufanywa kwa madodoso ya karatasi. Malori ya karatasi. Karatasi zikifika mjini, majibu yanaingizwa kwenye kompyuta mara mbili, kisha yanalinganishwa kutafuta makosa, kisha yanasafishwa. Miezi inapita. Matokeo yanapotoka, mtoto aliyeulizwa habari zake ameshaanza kutembea.

Wao wakaamua kutumia Palm. Kwa mliozaliwa juzi: Palm ilikuwa kompyuta ndogo ya kukaa kiganjani, unaandika kwa kijiti cha plastiki, haipigi simu, haina intaneti ya maana. Zao zilikuwa Palm m130 zenye kumbukumbu ya MB 8. Nane! Hiyo ni nafasi ya nyimbo mbili za MP3. Ndani yake wakapakia dodoso zima.

Na nani wangezitumia? Hapa ndipo ninapopapenda. Waliajiriwa wadodosaji 120, karibu wote elimu yao haikuvuka kidato cha nne, na wachache mno waliowahi kugusa kompyuta. Hebu fikiria hilo mwaka 2004, wakati ofisi nyingi za Dar kompyuta ilikuwa inafunikwa kitambaa cha kufuma na kuguswa na bosi tu. Vijana hawa walipewa mafunzo na majaribio ya wiki mbili, wakagawanywa timu 13, kila timu na msimamizi, kompyuta mpakato na gari. Umeme walipata kwa sola na kwa chaja za kwenye gari. Jioni kazi ya siku nzima inahamishiwa kwenye kompyuta mpakato, kisha inachomwa kwenye CD, ikipotea huku ibaki kule.

Ndani ya wiki 7, Julai na Agosti, walifika kaya 21,600 zenye watu 83,346. Kazi ya uwanjani iliisha tarehe 26 Agosti. Data yote ilikuwa kwenye CD ndani ya saa 24. Tarehe 28 viongozi wa wilaya walikuwa wamekaa wanaonyeshwa matokeo ya awali. Siku mbili! Mimi ni mwandishi wa habari, nimewahi kusubiri ripoti mpaka aliyeniahidi akastaafu. Niliposoma tarehe hizo kwenye makala ya Kizito Shirima na wenzake ya mwaka 2007, nilirudia mara ya pili kuhakikisha sijakosea mwaka. Na hakuna data iliyopotea.

Lakini kasi ndiyo sehemu ndogo. Kubwa ni kwamba mashine iliuliza yenyewe. Ukijaza kwamba mtoto hakuugua, swali la "ulimpeleka wapi" halitokei. Ukiandika kwamba mama ana miaka 12 na watoto 5, inakataa. Huwezi kuruka swali, na ukishaondoka kwenye nyumba ile huwezi kufungua tena na kurekebisha. Mambo ya kupika takwimu jioni chini ya mkorosho yakafa hapo.

Na yalikuwa maswali mazito. Nani anaishi hapa. Umezaa watoto wangapi. Wangapi wako hai. Mtoto akiugua unampeleka wapi. Kijana wa miaka 20 na kitu, kakaa kwenye mkeka uani, anamuuliza mwanamke wa umri wa mama yake kuhusu kila mtoto aliyemzika, mmoja mmoja, huku ameshika kidude kinachong'aa. Watafiti walikuwa na wasiwasi watu watakipokeaje kidude hicho, wakawauliza baadhi ya waliohojiwa. Wanakijiji walikipokea vizuri. Lishike hili swali la "unampeleka wapi", nitalihitaji mwishoni.

Miaka mitatu baadaye, yaani 2007, kidude kikatoka uani kikaingia chumba cha tabibu, huko huko kusini. Miongoni mwa waliokuwa kwenye utafiti wa Palm alikuwepo David Schellenberg, na jina lake linaonekana tena kwenye kazi hii ya pili pamoja na Brian DeRenzi, Neal Lesh, Werner Maokola na wengine, wakiwemo watu wa Chuo Kikuu cha Washington na wa shirika la D-tree. Walichofanya ni kuuchukua mwongozo wa IMCI, ule ule wa kitabu cha kufunua kurasa, na kuupakia kwenye kompyuta ya mkononi. Wakauita e-IMCI. Swali moja kwa kila ukurasa wa kioo. Hujibu, husongi mbele. Ukifika kwenye pumzi, mashine inasubiri namba.

Kisha wakakaa pembeni na kuhesabu. Tabibu anapofanya kazi kwa mazoea yake, kati ya uchunguzi wote ambao IMCI inadai, anafanya takriban asilimia 61. Tabibu yule yule akiwa na kifaa, karibu asilimia 85. Na muda wa kumhudumia mtoto haukuongezeka kwa maana.

Nataka msomaji utulie hapo kidogo, kwa sababu tumezoea kulaumu. Tunasema matabibu wa vijijini hawajui. Matabibu hawa walijua. Walisomeshwa. Hakuna mtu aliyeongezewa elimu kati ya asilimia 61 na 85. Kilichoongezwa ni kitu kinachokataa kukuruhusu useme "mwingine!" kabla hujamaliza.

Jaribio lenyewe lilikuwa dogo, na waandishi wake walisema hivyo. Makala ilitoka mwaka 2008. Mmoja wa waandishi, Gaetano Borriello, ndiye aliyeanzisha mwaka huo huo Open Data Kit, programu ya bure ya kukusanyia data kwa simu. Wewe uliyefanya vibarua vya utafiti kwenye mashirika ukatumia Kobo, Kobo ilijengwa juu ya hiyo. Kenya nako Wizara ya Afya ilikuwa inatumia EpiSurveyor ya Joel Selanikio na wenzake. Palikuwa na joto. Kila mfadhili alitaka mradi wa simu na afya, mpaka Uganda ikachoka: Januari 2012 Wizara ya Afya ya huko ilisimamisha miradi yote ya afya ya kielektroniki kwanza, ili ijulikane nani anafanya nini. Nawaelewa. Mradi unakuja na vifaa 20, unakaa miezi 18, fedha zinaisha, vifaa vinafungiwa kabatini, na tabibu anarudi kwenye kitabu namba 5. Hiyo ni historia ndefu na haina utamu, naipita.

Nataka kurudi kwenye lile neno lililomtia dada hasira. Degedege.

Mashine inaweza kumlazimisha tabibu aulize. Aulize kwa neno lipi, hilo ni jambo jingine, na hakuna mtambo unaolimaliza. Kwenye Kiingereza cha mwongozo ni mtoto kukakamaa na kutetemeka, basi. Kwa Kiswahili chetu, hasa Pwani, degedege ni zaidi ya dalili. Watafiti waliokuwa Bagamoyo miaka ya 1990 walikuta watu wengi wanaihesabu degedege kuwa ugonjwa wa peke yake, wenye chanzo chake, usiohusiana na malaria, na ambao tiba yake ya kwanza iko kwa mganga wa kienyeji. Homa nayo ina matatizo yake. Mtu anaposema "nasikia homa" anaweza kumaanisha joto la mwili, au anaweza kumaanisha tu kwamba hajisikii vizuri. Sasa weka kwenye kioo: "Ana homa? Ndiyo/Hapana." Mama anajibu ndiyo, mashine inakwenda njia ya malaria. "Amepata degedege?" Mama anayejua kwamba degedege ni jambo la kwa mganga anaweza kusema hapana, kwa aibu, au kwa kuogopa kufokewa. Au, kama dada yangu, anaona ni tusi: unamtabiria mwanangu?

Kila nikifikiria hili namwonea huruma yule kijana wa Morogoro. Anayejua kuuliza angesema, "Mama, samahani, haya ninamuuliza kila mzazi." Sentensi moja. Haikuwemo kwenye kishikwambi.

Turudi kwenye homa, maana hapo ndipo hadithi inapobadilika. Miaka yote hii maswali yalikuwa yanaelekea mahali pamoja: homa ni malaria hadi ithibitike vinginevyo. Mwaka 2008 watafiti wakiongozwa na Valérie D'Acremont waliwachukua watoto 1,005 wenye homa, Dar es Salaam na Ifakara, wakawapima kila kinachopimika. Malaria ilikuwa asilimia 10.5 tu. Asilimia 62 walikuwa na maambukizi ya njia ya hewa. Na asilimia 70 hivi walikuwa na ugonjwa wa virusi, ambao antibaiotiki haiugusi. Makala ilitoka mwaka 2014, lakini waliokuwa karibu na kazi ile walishajua: kipimo cha haraka cha malaria kilipoenea na kuanza kusema "hakuna malaria", tabibu hakubaki mikono mitupu. Alihama kutoka dawa ya malaria kwenda antibaiotiki. Kumrudisha mama bila dawa, nani ataweza?

Kwa hiyo kazi ya mashine ikageuka. Mwanzo ilihakikisha hakuna swali linalorukwa. Sasa ikapewa pia kazi ya kumsaidia tabibu kusema "hapana". Ukaja mwongozo wa ALMANACH kwenye simu, ukashusha watoto wanaoandikiwa antibaiotiki hadi asilimia 15, wakati huduma ya kawaida ilikuwa 84. Ukafuata ePOCT, uliounganisha maswali na vipimo vidogo vya papo hapo, ukiwemo ule wa kubana kidoleni wa kupima oksijeni. Ulijaribiwa kwenye kliniki 9 za Dar es Salaam kati ya 2014 na 2016. Hapo kuna namba moja sijaisahau. Katika huduma ya kawaida, yaani ile mimi na wewe tunayoipata, watoto walioandikiwa antibaiotiki walikuwa asilimia 94.9. Karibu wote! Ukienda na mtoto mwenye homa, uwezekano wa kurudi bila antibaiotiki ulikuwa kama wa kupata kiti kwenye daladala saa kumi na mbili jioni Kariakoo. Kwa ePOCT ilikuwa 11.5.

Kisha jaribio kubwa, vituo 40 katika mikoa ya Mbeya na Morogoro, mahudhurio zaidi ya 44,000, matokeo yakachapishwa kwenye Nature Medicine: antibaiotiki asilimia 23.2 kwenye vituo vyenye kifaa, 70.1 kwenye vituo visivyo nacho. Watoto ambao siku ya 7 walikuwa bado hawajapona walikuwa karibu sawa pande zote mbili. Yaani wengi wa wale wasioandikiwa hawakupungukiwa na chochote. Tukikumbuka kwamba dawa hizi zikizoeleka zinaacha kufanya kazi, na kwamba mtoto mwenye nimonia ya kweli atazihitaji ziwe bado na nguvu, hiyo si tofauti ndogo.

Nilimsimulia dada yote haya, kwa simu, kwa hamasa. Nikamweleza Nachingwea, nikamweleza asilimia 94.9, nikamweleza kwamba yule kijana alikuwa anamlinda mtoto. Alinisikiliza kwa subira ya dada mkubwa.

"Sawa," akasema. "Lakini ile siku nilipitia duka la dawa."

Nikauliza amenunua nini. Amoksilini ya maji. Mwenye duka alimuuliza maswali mangapi? Moja: ana miaka mingapi. Mtoto alipewa siku tatu, akapata nafuu, wakaacha. Kwa hiyo kwa dada jambo limeisha na ushahidi anao: zahanati ilimnyima, duka likampa, mtoto akapona. Kwamba mtoto angepona vilevile kwa panadol na maziwa ya mama, hilo ni la kwangu na watafiti wangu.

Na hapa nikakumbuka wale vijana 120 kwenye mikeka. Wao waliuliza uani: mtoto akiugua unampeleka wapi? Mama alikuwa kwake, hakuna foleni nyuma yake, hakuna mtu wa kumfokea, anaweza kutaja mganga, duka, bibi, majani. Maswali yalipohamia zahanati yalipata nidhamu kubwa, hakuna pumzi isiyohesabiwa. Lakini yanaanza mama anapoketi na yanaisha anaponyanyuka. Kwenye kumbukumbu za kishikwambi kile mwanawe ni mtoto ambaye hakutumia antibaiotiki, na safu yake imejazwa vizuri kabisa. Kwenye majaribio makubwa watafiti walifuatilia hali ya watoto siku ya 7. Dada hakupigiwa simu, na hata angepigiwa, namjua: angesema mtoto amepona, asante, na chupa asingeitaja.

Tangu hapo vifo vimeendelea kupungua, tusisahau. Utafiti wa kitaifa wa 2004 hadi 2005 ulihesabu watoto 112 waliokufa kabla ya miaka mitano kwa kila 1,000 waliozaliwa hai. Ule wa 2022 ulihesabu 43. Chanjo, vyandarua, dawa mseto, maswali yanayoulizwa kwa mpangilio, kila kimoja kina sehemu yake, na sitajifanya najua kuzigawa.

Krismasi nilikwenda Morogoro. Nilifungua friji nitoe maji. Chupa ilikuwa mlangoni, imebaki zaidi ya nusu, karibu na tomato sosi. Nikamuuliza dada ya nini.

"Ya akiba," akasema. "Akianza tena kukohoa nitakwenda wapi, kwa yule wa kubofya?"